Taka za Elektroniki: Nani Anabeba Gharama ya Mwisho?

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kuuchambua uchumi kwa hatua tatu: uzalishaji wa mali, ugawaji wake na matumizi yake. Tunauliza nani anamiliki nyenzo kuu za uzalishaji, nani anavuja jasho na nani anavuna. Maswali hayo ni ya msingi na yataendelea kuwa ya msingi. Lakini ipo hatua ya nne ambayo mafunzo yetu yameipitia juu juu. Kitu kilichozalishwa kikishatumika na kuchakaa, kinakwenda wapi? Nani analipa gharama ya kukiondoa, na ni afya ya nani inayoharibika katika kazi hiyo?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kufuata historia ya taka za elektroniki, yaani redio, runinga, kompyuta, simu, majokofu na betri zilizokwisha kazi. Hoja yetu ni kwamba gharama ya mwisho wa kifaa haipotei. Huteremshwa kutoka kwa wenye nguvu kwenda kwa wanyonge, na inaendelea kuteremka mpaka wale wanaotupiwa wajipange na kuikataa. Sheria na mikataba tuliyo nayo leo ni matunda ya kukataa huko. Hata hivyo, mkataba ambao haujamfikia kijana anayechoma nyaya dampo bado haujamaliza kazi yake.

Si jambo dogo. Taarifa ya dunia iliyotolewa mwaka 2024 na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia mawasiliano na mafunzo ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki. Zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu zilikuwa asilimia 22.3 tu. Mtu mmoja wa Ulaya alizalisha wastani wa kilo 17.6, na wa Afrika kilo 2.5. Lakini Ulaya ilikusanya kwa utaratibu asilimia 42.8 ya taka zake, na Afrika haikufikisha hata asilimia 1. Maana yake ni kwamba sisi tunaozalisha kidogo ndio tusio na kinga.

Chimbuko la tatizo

Wapo wanaofundisha kwamba taka ni matokeo ya kawaida ya maendeleo, kama moshi unavyofuata moto. Kada hapaswi kuridhika na maelezo hayo. Kuchakaa kwa vitu kuna sababu za kimaumbile, lakini kasi ya kuchakaa ina sababu za kitabaka.

Mfano wa kihistoria unaofahamika vizuri ni ule wa balbu. Mwezi Desemba 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme, miongoni mwao Osram na Philips, yalikutana Geneva na kuunda umoja wa ukiritimba ulioitwa Phoebus. Waligawana masoko ya dunia, kisha wakakubaliana kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, ingawa ufundi wa wakati ule uliweza kutengeneza iliyodumu zaidi. Kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ilitozwa faini. Umoja huo ulivunjika vita ya 1939 ilipozuka, lakini fikra yake haikufa. Bepari hupata faida mnunuzi anaponunua, wala hapati kitu kifaa kinapoendelea kufanya kazi nyumbani kwa mnunuzi. Kwa hiyo simu ambayo betri yake imegandishwa ndani kwa gundi, na kompyuta inayokataliwa na programu mpya ingali nzima, ni wajukuu wa balbu ile.

Upande wa pili wa mnyororo huo uko katika ardhi ya Afrika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, nayo ndiyo inayotumika katika betri za simu na kompyuta. Kobalti na shaba ya Katanga husafiri kwenda ng'ambo kwa bei ya malighafi, hurudi Afrika kwa bei ya bidhaa, na humaliza safari yake katika madampo yetu bila bei yoyote. Katika mzunguko mmoja mwananchi ananyonywa mara tatu: kama mchimbaji, kama mnunuzi, na kama jirani wa dampo.

Kutoka Koko hadi Bamako

Katika miaka ya 1970 wafanyakazi na wananchi wa nchi zenye viwanda walipigania sheria za kulinda hewa, maji na ardhi yao. Walifanikiwa, na gharama ya kufukia taka zenye sumu katika nchi hizo ikapanda sana. Bepari hakupunguza sumu. Alitafuta mahali ambapo sheria hazijafika na njaa imetangulia.

Mwaka 1986 meli iliyoitwa Khian Sea iliondoka Philadelphia, Marekani, ikiwa na majivu ya taka zilizochomwa, tani zipatazo 14,000. Mapema mwaka 1988 ilimwaga sehemu ya majivu hayo pwani ya Gonaïves, Haiti, kisha ikatokomea baharini. Katika miaka hiyo hiyo, tani zaidi ya 3,000 za taka zenye sumu kutoka Italia zilirundikwa katika mji mdogo wa bandari wa Koko, Nigeria, katika uwanja wa mwananchi mmoja aliyelipwa dola zipatazo 100 kwa mwezi. Habari zilipofichuka katikati ya mwaka 1988, Serikali ya Nigeria ilimwita nyumbani balozi wake na kuishikilia meli ya Italia mpaka taka zikaondolewa. Meli ya Karin B ilipozibeba kurudi Ulaya, bandari kadhaa za huko zilikataa kuipokea. Mizigo iliyodaiwa kuwa haina madhara kwa watu wa Koko ilionekana ya hatari mara ilipoelekea kwa wenyewe. Wakati huo huo Guinea-Bissau ilishawishiwa ipokee mamilioni ya tani za taka kwa malipo ya dola milioni 600, fedha zilizozidi pato lake la mwaka mzima mara kadhaa. Mkataba huo uliachwa baada ya kelele za wananchi na za nchi jirani.

Jibu la Afrika lilikuwa la kisiasa. Mwezi Mei 1988 Baraza la Mawaziri la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lilitangaza mjini Addis Ababa kwamba kutupa taka za nyuklia na za viwanda barani humu ni jinai dhidi ya Afrika na watu wake. Tarehe 22 Machi 1989 ukapitishwa Mkataba wa Basel, ambao ulianza kutumika mwaka 1992. Mkataba huo ulidai kwamba nchi inayopelekewa taka zenye sumu ijulishwe kwanza na itoe ridhaa kwa maandishi. Nchi nyingi za Afrika ziliona kwamba huko kulikuwa kuiwekea taratibu biashara iliyostahili kukomeshwa. Zikakutana Mali na tarehe 30 Januari 1991 zikapitisha Mkataba wa Bamako, unaopiga marufuku kabisa kuingiza taka zenye sumu Afrika. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 1998. Tanzania imeridhia yote miwili.

Wanafunzi wetu wanapaswa kuelewa nini kilichokuwa kinapingwa. Mwezi Desemba 1991 waraka wa ndani wa Benki ya Dunia, wenye saini ya mchumi wake mkuu Lawrence Summers, ulieleza kwamba kwa hesabu za kiuchumi ni sahihi kupeleka taka zenye sumu katika nchi zenye mishahara midogo kabisa, kwa kuwa uhai na afya ya watu wa huko vina thamani ndogo ya fedha. Waraka ulipovuja, mwenye saini alisema ulikusudiwa kuwa kejeli. Hata kama tukikubali hivyo, kejeli ile ilieleza kwa usahihi njia ambayo meli zilikuwa tayari zinaifuata.

Sumu yavaa jina jipya

Baada ya mikataba hiyo, pipa lenye maandishi ya sumu halikuweza tena kushushwa bandarini kwa urahisi. Lakini runinga iliyokufa na kompyuta iliyooza zingeweza kupita, kwa kuwa hazikuitwa taka. Ziliitwa mitumba, na mara nyingine ziliitwa msaada kwa shule za Afrika.

Mwaka 2005 shirika la Basel Action Network lilichapisha uchunguzi wake kuhusu bandari ya Lagos. Lilieleza kwamba makontena yapatayo 500 ya elektroniki kuukuu yalikuwa yakiingia kila mwezi, na kwamba wafanyabiashara wa huko walikadiria kuwa hadi asilimia 75 ya vitu hivyo havikufaa kutengenezwa wala kuuzwa. Haki itendeke hapa: sehemu iliyobaki ilikuwa na manufaa. Mwanafunzi wa kabwela aligusa kompyuta kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mtumba, na maelfu ya mafundi walipata riziki na ujuzi. Ndiyo sababu hila hii ilikuwa ngumu kuipinga kuliko mapipa ya Koko. Sumu ilikuwa imechanganywa na haja ya kweli ya wananchi.

Na sumu ipo. Runinga ya chogo ina risasi ndani ya kioo chake. Betri na swichi za zamani zina kadimiamu na zebaki. Plastiki ya nyaya ikichomwa ili shaba itoke, moshi wake hubeba dioksini. Katika mji wa Guiyu, kusini mwa China, ambao kwa miaka mingi ulichambua taka za elektroniki kwa mikono, kwa moto na kwa tindikali, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulipima damu ya watoto 165. Zaidi ya asilimia 80 kati yao walikutwa na risasi kuzidi mikrogramu 10 kwa kila desilita. Katika eneo la Agbogbloshie, Accra, mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa katika uwanja wa skrepa yalipimwa na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Yai moja lilitosha kumpitisha mtu mzima mara 220 kiwango cha dioksini ambacho Ulaya imekiweka kuwa cha juu kwa siku.

Mapambano ya kuziba mwanya huo yamekuwa marefu. Mwaka 2006 nchi wanachama wa Basel zilikutana Nairobi na kutoa azimio mahsusi kuhusu taka za elektroniki. Marekebisho ya mwaka 1995, yanayozuia nchi tajiri kupeleka taka zenye sumu katika nchi changa, yalingoja miaka 24 na kuanza kutumika tarehe 5 Desemba 2019. Kwa pendekezo la Ghana na Uswisi, tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za elektroniki, ziwe zenye sumu au zisizo nayo, haziwezi kuvuka mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Marekani ilitia saini Mkataba wa Basel mwaka 1990, lakini mpaka leo haijauridhia.

Uzoefu wetu wenyewe

Nchi yetu imewahi kujaribu njia ya kufunga mlango. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya matatizo makubwa na hasara katika matumizi ya kompyuta kwenye hesabu za Serikali. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: nchi changa haikutaka kutumia fedha chache za kigeni kununua mitambo ambayo wataalamu wa kigeni pekee ndio walioweza kuiendesha. Wakati huo chombo cha mapinduzi kilikuwa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliendeshwa kwa vikundi vya wananchi waliokusanyika kuisikiliza pamoja, na redio moja ilihudumia watu wengi.

Lakini marufuku haikuweza kuwa jibu la kudumu. Ilizuia mtambo, haikujenga ujuzi. Masharti yalipolegezwa, na baadaye milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, vifaa viliingia kwa wingi na bado hatukuwa na mpango wa mwisho wake. Hapa kuna makosa mawili yanayofanana: kukikataa kifaa bila kujifunza elimu yake, na kukipokea bila kupanga kitakapozikwa.

Kosa la pili tumelibeba hadi karne hii. Tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya runinga ya analojia yalianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia. Hatua zote mbili zilikuwa na sababu nzuri. Ving'amuzi viliziongezea maisha runinga za zamani, na simu bandia zilikuwa hatari kwa mtumiaji. Somo kwa mpanga mipango ni kwamba kila amri ya namna hii inazaa taka siku inapotekelezwa, na inafaa iandaliwe pamoja na utaratibu wa kuzipokea.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka msingi, na kanuni za mwaka 2021 zinahusu mahsusi taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Pengo liko kati ya karatasi na dampo. Mwenye kujaza pengo hilo leo ni kijana anayesukuma mkokoteni mitaani akinunua skrepa. Hana mkataba, glavu wala bima. Anauza shaba kwa kilo kwa mwenye mzani, naye mwenye mzani anauza kwa mwenye ghala, na faida inapanda ngazi wakati moshi unabaki chini. Hiyo ndiyo mirija ya unyonyaji katika umbo lake la leo.

Funzo la Accra na la Guiyu

Nini kifanyike juu ya kijana huyo? Historia ya karibuni inatupa majibu mawili ya kulinganisha.

Mwezi Julai 2021 uwanja wa skrepa wa Agbogbloshie ulibomolewa na wafanyakazi wake wakaondolewa. Uwanja ulisafishwa, lakini kazi haikuisha, kwa kuwa taka hazikuisha. Wachambuaji walitawanyika katika maeneo mengine ya jiji, na uchomaji ukafanyika mahali ambapo ni vigumu zaidi kuusimamia. Aliyefukuzwa alikuwa mfanyakazi, tatizo lilibaki.

China ilipita njia nyingine. Ilikuwa imekwisha piga marufuku kuingiza taka za elektroniki mwaka 2000, na marufuku hiyo peke yake haikuzima mioto ya Guiyu. Mwishoni mwa mwaka 2015 karakana ndogo ndogo za mji huo zilihamishiwa katika eneo moja la viwanda lenye mitambo ya kusafisha maji na moshi. Hatua hiyo ilikuwa na gharama zake. Wenye karakana wadogo walilazimika kulipa kodi za nafasi na baadhi yao walishindwa. Hata hivyo kanuni iliyotumika ni sahihi kuliko ile ya Accra: kazi ilipangwa upya pamoja na wale wanaoifanya.

Wajibu wa makada

Kutokana na historia hii tunapata kazi nne.

Kwanza, kumtambua mkusanyaji wa skrepa na fundi wa mtaani kuwa ni wafanyakazi, na kuwasaidia kuunda vyama vya ushirika. Ushirika wenye mzani wake, mashine ya kumenya nyaya bila moto, na mahali pa kuhifadhi vioo na betri, unaweza kuuza moja kwa moja kwa mchakataji na kuwaondoa watu wa kati. Fundi anayefufua simu iliyokufa anaokoa fedha za kigeni na kuchelewesha taka, hivyo naye ana haki ya mafunzo na vipuri.

Pili, kumbana mzalishaji na mwingizaji. Uswisi iliweka sheria ya kuwawajibisha wauzaji na watengenezaji mwaka 1998, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa mwongozo wake wa mwaka 2003. Kampuni inayokubali kulipia mwisho wa kifaa chake Zurich haina hoja ya kukataa kulipia Mwanza.

Tatu, kushirikiana na majirani. Kiwanda cha kisasa cha kuchambua saketi kinahitaji mzigo mkubwa ili kijiendeshe. Rwanda ina kituo cha Bugesera na Kenya ina kituo Nairobi. Dhahabu na shaba zilizomo katika taka za kanda nzima ni mgodi, na Afrika Mashariki ikiungana inaweza kuumiliki badala ya kuuza saketi ng'ambo kama ilivyouza pamba mbichi.

Nne, kuanza na sisi wenyewe. Taka za elektroniki zilizo rahisi kukusanya kuliko zote zimo katika ofisi za umma. Kompyuta, mashine za kuchapa na betri zimerundikwa stoo kwa miaka zikingoja kibali cha kufutwa katika vitabu. Kinachozishikilia si ubeberu, ni urasimu wetu. Zikija kuuzwa kwa mnada bila masharti, mnunuzi huchukua shaba na kumwaga kioo korongoni. Hatuwezi kumtaka kijana wa mkokoteni aache kuchoma nyaya ikiwa nyaya hizo zimetoka katika stoo yetu.

Kwa hiyo kila kada asomaye makala haya ana pa kuanzia. Afungue stoo ya ofisi yake, ahesabu vilivyomo, aulize sheria inasema nini juu ya kuviondoa, kisha amtafute mkusanyaji wa skrepa wa mtaa huo na kukaa naye. Mkusanyaji huyo anajua kila kinakopita. Sisi tunajua mikataba. Wananchi wa Koko walidanganywa kwa sababu elimu hizo mbili hazikukutana mapema.